MAFUTA YAKIMWAGIKA, NANI ATASAFISHA?

Haya wadau, leo mastaa tuwaweke pembeni. Ila staa mmoja kanichokoza: kapiga picha ufukweni Kigamboni, nyuma yake meli ya mafuta, kaandika "maisha matamu". Dada, hiyo meli ikipasuka utarudi kupiga picha?

Msiniambie haitokei. Mauritius 2020, meli ya Wakashio ilipanda mwamba, ikamwaga tani kama 1,000. Wananchi wakaingia wenyewe na majani ya miwa kuzuia mafuta. Na kwa kuwa yalikuwa mafuta ya injini ya meli ya mizigo, siyo ya tanka, mfuko wa kimataifa wa fidia wa 1992 haukuwahusu.

Sisi tumo kwenye mfuko huo, sawa. Lakini unamlipa anayethibitisha hasara, na kesi isipofunguliwa ndani ya miaka mitatu, imekula kwako. Mama anayekaanga samaki pale Feri ana risiti gani? Mvuvi wa Kunduchi je?

Sheria iseme bila kumung'unya: aliyemwaga alipe, awe mwenye meli au mwenye bomba la Hoima hadi Chongoleani. Bima ioneshwe kabla ya kushusha hata lita moja. Wavuvi na mama zetu waandikishwe leo, siyo siku ya balaa.

Eti tutawafukuza wawekezaji? Anayekimbia kisa kaambiwa asafishe alichomwaga, aende salama. Kodi zetu siyo dekio lake.

Wadau, mnasemaje?