Mgonjwa Aseme, Daktari Aulize

Dawa za asili ni urithi wetu, na Serikali ilizitambua kwa Sheria ya mwaka 2002. Hatumlaumu mganga, tunalolilaumu ni usiri. Mgonjwa wa shinikizo la damu amezaye vidonge vya kupunguza maji mwilini, kisha akanywa urukususu kila siku, hujidhuru pasipo kujua. Mzizi huo huzuia chumvi mwilini na kupandisha shinikizo; ukiungana na vidonge hivyo, mwili hupoteza madini ya potasiamu, hata mapigo ya moyo yakavurugika.

Kwa hiyo tunasema: mgonjwa ataje kila anachokunywa, na daktari aulize bila dharau. Anayekaripiwa huficha, na mficha maradhi kilio humfichua.