Nani Alipie Falsafa?

Kijana wa Kiwanja au wa Rumangabo, wilayani Rutshuru, mashariki mwa Kongo, aliyefaulu mtihani wa Serikali, akamwambia baba yake kwamba ataka kusoma falsafa chuo kikuu, wala si sheria, uchumi au udaktari, aghalabu hujibiwa kwa swali moja: utakula nini? Wako wasomi walichekao swali hili, wakidhani limetoka kwa watu wasioijua thamani ya hikima. Nami naliona ni swali la haki, maadamu katika Rutshuru minervali, yaani ada ya masomo, hutoka kwenye maharagwe, mahindi na kahawa, na mavuno yasipotosha huuzwa kipande cha shamba, ilhali tangu waasi wa M23 walipozitwaa sehemu hizo mwaka 2022 wako wazazi ambao hata hilo shamba hawalifikii.

Hata hivyo, hoja hiyo yataka kupimwa kwa insafu. Yule ndugu wa kijana huyo aliyepelekwa Goma kusoma sheria, je, yeye amekula nini? Wenye shahada za sheria na uchumi wasio na kazi wapo tele mjini, na baadhi ya waliobahatika kuandikwa na Serikali huungoja mshahara kama mkulima angojavyo mvua. Basi mzazi aliyeikataa falsafa kwa ajili ya riziki, mara nyingi hakununua riziki, bali sifa yake tu.

Tena liko jambo tulijualo sote na kwa nadra hulisema. Falsafa si mgeni kwetu: shule zetu za sekondari zimekuwa na mchepuo wa Latin-Philo (Kilatini na falsafa), na katika seminari kuu za Kanisa Katoliki kijana husomeshwa falsafa kwa miaka kadhaa kabla hajaifikia teolojia. Wengi huiacha njia ya upadri, wakarejea kuwa walimu, waandishi wa habari au watumishi wa mashirika ya misaada, wala sijapata kusikia mtu akinena kuwa falsafa ya huyo aliyetoka seminari imepotea bure. Bali yeye ndiye aitwaye kuandika barua ya kijiji kwa msimamizi wa wilaya, na yeye hutakwa kauli ugomvi wa mipaka ya mashamba unapozidi kuwa mkali. Sababu ni kwamba gharama zake kubwa zilibebwa na Kanisa. Tuogopacho, kwa hiyo, ni bei ya elimu hiyo, si elimu yenyewe.

Majina makubwa ya falsafa yetu yathibitisha kwamba elimu hiyo imepitia mlango wa Kanisa. Placide Tempels, aliyechapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945, alikuwa padri Mbelgiji, Alexis Kagame wa Rwanda, aliyemjibu mwaka 1956, alikuwa padri, na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki Aprili 2025, alipitia monasteri ya Wabenediktini ya Gihindamuyaga, Rwanda, akaiacha, kisha akaandika The Invention of Africa, kilichotoka mwaka 1988 na kusomwa duniani kote.

Lakini mlango huo wa seminari una dhuluma yake, nayo ndiyo inisumbuayo zaidi: binti haingii. Msichana aliyeshinda Latin-Philo, hata awe hodari wa mantiki kuliko kaka zake wote, hana askofu wa kumlipia. Na mageuzi ya vyuo vikuu ya mwaka 1971 yaliyokipeleka kitivo cha fasihi cha chuo kikuu cha taifa Lubumbashi yaliiweka falsafa ya Serikali umbali uzidio kilomita 1,000 kutoka kwao.

Kwa hiyo nadhani majimbo ya Kanisa yaliyokwisha kuwa na walimu na maktaba yangefungua madarasa yao ya falsafa kwa walei, wa kike na wa kiume, kwa ada ndogo, na atakayehitimu apewe, pamoja na shahada, idhini ya kufundisha sekondari. Kabla ya hapo, baba asiuze shamba kwa ajili ya falsafa. Wala asiliuze kwa ajili ya sheria.