KWANZA WALIULETA MWILI, NDIPO WAKAFUNGA

Neno la leo: 1 Samweli 31:11-13, 2 Samweli 2:4-6

Neno la leo halitampendeza kila mtu, lakini lisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Mtu akizama, sisi watu wa maombi tuna desturi yetu. Tunafungua kikundi cha WhatsApp, tunatangaza mfungo wa siku 3, tunaandikiana kwamba Mungu yuko kazini. Saa hiyo hiyo kijana mvuvi, ambaye hakuna anayemlipa, anajifunga kamba kiunoni na kuingia kwenye maji ya matope. Haoni kitu. Anapapasa kwa mikono, pumzi moja baada ya nyingine, maana mtungi wa hewa hana. Ni kweli Mungu yuko kazini. Je, wewe uko wapi?

Soma habari za watu wa Yabesh-Gileadi. Waliposikia mwili wa Sauli umetundikwa ukutani, walitembea usiku kucha, wakauondoa, wakaja nao nyumbani, wakaizika mifupa. Halafu ndipo wakafunga siku 7. Angalia mpangilio huo. Kazi ilitangulia, mfungo ukafuata. Sisi tumeugeuza, tena sehemu ya kwanza tumewaachia wengine.

Unakumbuka Likoni? Jumapili jioni, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee, likiwa na mama na binti yake. Familia ilingoja siku 13. Gari lilikuwa kwenye kina cha karibu mita 58. Huko chini, hewa ya kawaida ya mtungi humlevya mpiga mbizi kama pombe. Anaweza kukaa dakika chache tu, na akipanda kwa haraka, mapovu ya gesi ndani ya mwili yanaweza kumlemaza au kumuua. Wanamaji walikuwepo, na kando yao wakajitokeza wapiga mbizi ambao hakuna aliyewalazimisha kuja. Huo ndio upendo wenye mikono na miguu.

Najua mtanijibu nini.

Mmoja atasema, "Mchungaji, mwili ni udongo tu. Bahari itawatoa wafu wake, Ufunuo 20:13." Amina, itawatoa. Lakini pale kaburini kwa Lazaro, Bwana aliwaambia watu waliondoe jiwe. Ufufuo ni kazi yake, jiwe ni kazi yetu. Tena mwambie huyo mjane kwamba mwili ni udongo tu! Bila mwili, huenda akangoja miaka 7 ndipo sheria ya Kenya ikubali kudhani kwamba mumewe amefariki. Miaka 7 hajui kama ni mke au ni mjane.

Mwingine atasema wapiga mbizi wana majini, ndiyo maana hawaogopi maiti. Ndugu yangu, ukiona mtu anahatarisha uhai wake kwa ajili ya mtoto wa jirani, kisha ukaona shetani, macho yako ndiyo yanahitaji maombezi.

Na wewe nabii unayemwambia mama anayelia ufukweni, "Namwona mwanao, yu hai, panda mbegu," ogopa Mungu. Mpiga mbizi anaingia majini bila kuomba kitu. Wewe huloweshi hata kiatu, na namba ya M-Pesa umeshaituma.

Mapema mwaka 2022 nchi ilishtuka kusikia habari za miili iliyotolewa Mto Yala. Wenyeji walikuwa wakiifanya kazi hiyo tangu kabla ya kamera kufika. Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 21. Mwili ukipatikana na muuaji hajulikani, wazee wanapima umbali, na mji ulio karibu zaidi unasimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu hiyo. Basi tupime. Kutoka mto wako, ziwa lako, bwawa lako, ni kanisa lipi lililo karibu zaidi?

Daudi aliposikia walichofanya watu wa Yabesh-Gileadi, aliwatumia baraka, na pamoja na baraka akaahidi kuwalipa wema huo. Kanisa lako lina spika mpya. Je, lina kamba ndefu, maboya na boti ya kukodi siku ya msiba? Liliwahi kumlipia kijana huyo mafunzo, au matibabu alipougua kwa ajili ya maji hayo? Kwenye mazishi tunamtambulisha mheshimiwa aliyeleta bahasha. Aliyemleta marehemu amesimama nyuma kabisa, na chakula kinaisha kabla hajafikiwa.

Jumapili hii, muulize mchungaji wako na wazee wa kanisa: wapiga mbizi wa hapa kwetu ni kina nani, na wanahitaji nini? Ukishapata jibu, rudi hapa uandike Amina.

Tuombe: Baba, wahifadhi wanaoshuka vilindini kuwatafuta wapendwa wetu. Uwarudishe salama. Nasi utuondolee imani inayobaki ufukweni. Katika jina la Yesu.