Kabla Ukate Springi, Pima Tuta la Kwenu

Wacha niseme waziwazi, mkitaka kukasirika mkasirike: gari nyingi zilizoshushwa hapa Nairobi hazijatengenezwa, zimeharibiwa. Zimeharibiwa kwa pesa ya mwenyewe, kwa hiari yake, na fundi akapewa asante juu. Na siongei kama mzee anayechukia kelele za ekzosti. Naendesha Legacy B4 kila siku, Kangemi hadi tao na kurudi, na imeshuka. Sentimita mbili. Nikitaja hizo mbili mbele ya wasee wa magari wanacheka, ati hiyo ni tairi tu kupoteza upepo. Sawa, chekeni. Mkimaliza mniambie gari zenu hupita wapi zikienda kazini.

Hapo ndipo shida inaanzia. Watu wanachagua suspenshoni kwa picha. Msee anaona BRZ kwa simu, imelala kwa lami hadi bampa inakaribia kugusa rangi ya pakingi, anasema nataka hivyo. Hajiulizi hiyo gari ilifikaje hapo, au kama iliondoka bila kubebwa. Wewe hubebwi. Wewe unatoka Uthiru saa kumi na mbili asubuhi, unashuka Naivasha Road, unapita Kawangware, unakata Gitanga Road kuelekea Lavington. Matuta njia nzima. Yale ya serikali angalau mengine yana rangi. Yale yanayomwagwa na wakaazi wenyewe baada ya mtoto kugongwa (na siwalaumu, ningekuwa mzazi ningemwaga langu) hayana rangi wala kipimo, na yana makali kama ngazi. Ukifika tao bado kuna ile rampu ya pakingi ya chini ya jengo, inayokunjika ghafla mwisho kama goti.

"Lakini kuna Expressway." Kuna, tangu 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi James Gichuru, na ni laini kweli. Ila hulali huko. Lazima ushuke, na ukishuka na gari iliyoshuka, tuta la kwanza linakungoja kabla hujarudisha chenji mfukoni.

Tupige hesabu kidogo. Toyota 86, pacha wa BRZ, ilitoka kiwandani na karibu milimita 130 kati ya tumbo na barabara. Springi za kushusha za kawaida zinakula kama 30 hapo. Mwenye anataka kulala anakula 60. Weka wasee wanne ndani, jaza tangi, inashuka tena. Na Japani kwenyewe, kwa hao tunaowaiga, gari ikibaki na chini ya milimita 90 haipiti ukaguzi. Japani, barabara kama meza, wanasema 90 ndio mwisho. Wewe uko Kangemi na 70. Nani alikudanganya?

Sasa tufike kwa grainda. Najua kwa nini watu wanakata springi. Koilova za maana zinameza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na kuna fundi wa kando ya barabara atakukatia zote nne kwa siku moja, kwa pesa ya mafuta ya wiki. Lakini elewa unachonunua. Springi nyingi zimetengenezwa mwisho wake ufuate umbo la kiti chake. Ukikata, ule mwisho umeenda, springi inasimama kwa ncha. Halafu shokabzoba, hizi tunaita shoki, ni zile zile za zamani. Kila shoki ina safari yake ya juu na chini, na wewe umeiba nusu ya safari kabla gari haijasonga. Ikikutana na tuta inafika kwa kile kiraba cha mwisho, na kutoka hapo huna tena suspenshoni, una kigari cha mbao. Na kuna hii ya kuua watu: springi imekuwa fupi, kwa hivyo gurudumu likining'inia, tuseme umeruka shimo, inaweza kulegea kabisa na kuhama kitini.

Rafiki yangu ilimpata. Mark X, springi za nyuma zilizokatwa, jioni ya mvua, Waiyaki Way. Shimo lilikuwa limejaa maji, hakuliona. Springi ya kushoto ikatoka mahali pake, gari ikavuta upande, ikazunguka, ikasimama ikiangalia ilikotoka. Kwa kiti cha nyuma alikuwa dada yake mdogo, bado amevaa yunifomu ya shule. Hakuna aliyeumia, kwa sababu matatu iliyokuwa nyuma yao, mara moja maishani, ilikuwa imeacha nafasi. Huyo msichana hadi leo akipanda gari anashika mlango kwa mikono miwili. Kwa hivyo mtu akiniambia "ni gari yangu, ni maisha yangu", mimi huuliza tu nani hukaa nyuma.

Wengine watasema hawajali sura, wanashusha kwa sababu ya kona. Hawa ndio hunichosha zaidi, kwa sababu wanaongea kama wahandisi. Angalia chini ya mbele ya Impreza, au 86, au Golf. Shoki na springi zimesimama pamoja, na chini kuna mkono mmoja ulioshika gurudumu. Kiwandani huo mkono unalala karibu sambamba na barabara, au unainama kidogo ukielekea gurudumu. Ukishusha sana, upande wa gurudumu unakuwa juu kuliko upande wa bodi. Hapo kile kitovu ambacho bodi inazungukia ikiinama kwa kona kinaanguka chini haraka kuliko uzito wa gari wenyewe ulivyoshuka. Maana yake, gari iko chini lakini sasa ina hamu kubwa zaidi ya kulala upande. Unaizuia vipi? Unaweka springi ngumu kama jiwe. Na springi ngumu kwa barabara mbovu inafanya tairi iruke-ruke, na tairi iliyo hewani haikati kona, haifungi breki, haifanyi chochote. Juu ya hayo tairi zenyewe zinalala kwa ndani na kuisha upande ambao huuoni, hadi siku waya zinatokea.

Na wenzangu wa Subaru, si tukumbushane tulianzaje kuipenda hii beji? Baba zetu walisimama kwa vumbi wakaona Colin McRae akishinda Safari Rally na Impreza 1997, halafu Richard Burns 2000. Hizo gari zilikuwa zimeinuliwa. Zilikuwa na bomba la kuvutia hewa juu ili zivuke maji, na suspenshoni yenye safari ndefu kuliko kitu chochote utakachouziwa hapa. Timu yenye pesa ya kununua kila kitu duniani ilifika Kenya, ikaangalia barabara, ikainua. Sisi tumezaliwa hapa na tunashusha.

Sisemi usishushe. Ningekuwa mnafiki, yangu iko chini. Nasema anza na shoki, springi zifuate. Baadhi ya B4 zilitoka kiwandani na Bilstein, na kama yako ni mojawapo, kuzifufua kunaweza kukupa gari bora kuliko seti mpya isiyo na jina. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta za mtumba (wazee bado wanaita Grogan), usinunue rangi. Angalia kama fimbo ina mafuta au mikwaruzo. Isukume hadi chini, ikienda kwa kusitasita au ukisikia pengo katikati, mrudishie mwenyewe. Halafu bushi na boljointi, kwa sababu springi mpya juu ya bushi zilizokufa ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Baada ya hapo ndio uongee springi za kushusha milimita 20 au 25, zilizotengenezwa kwa modeli yako, si "hizi pia zinaingia".

Ukiwa na pesa ya koilova, uliza muuzaji maswali mawili, na akianza kukuonyesha rangi badala ya kujibu, toka. La kwanza, urefu unarekebishwa wapi? Unataka ile inayorekebishwa kwa kikombe cha chini, ili shoki ibaki na safari yake yote. Ile unayoshusha kwa kuteremsha kiti cha springi inakula safari, tumerudi kwa grainda kwa bei ghali. La pili, springi ni kilo ngapi? Seti nyingi za watu wa mbio hubeba kilo 8 hadi 10 kwa kila milimita. Hizo ni za saketi. Kwa Ngong Road omba 5 au 6. Na pale juu, shoki inapofungwa kwa bodi, chukua raba. Vile vigololi vya chuma vinapendeza kwa picha, lakini vumbi na matope ya masika yakiingia vinaanza kugonga, na utasikia huo mgongo kila siku hadi uchukie gari.

Fanya alaimenti ukimaliza, na tena baada ya wiki chache springi zikishakaa. Ambia bima yako kwa maandishi kwamba umebadilisha. Na kabla ya haya yote chukua futi, nenda kwa tuta baya zaidi kati ya nyumba yako na kazi, upime urefu wake. Halafu pima tumbo la gari ikiwa na watu wote na mafuta. Hizo namba mbili ndizo zinachagua suspenshoni yako.

Na wale wa "kama unaogopa matuta nunua Prado": Prado sitaki. Nataka gari ya kukata kona za Red Hill Jumapili asubuhi, halafu Jumatatu inipeleke tao bila kupanda kila tuta mshazari kama naegesha meli. Juzi pale Gitanga Road nilikaa nyuma ya Golf GTI iliyolala, ikitafuta pembe ya kupanda tuta moja. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Boda tatu zikaipita. Mama mwenye kiondo akaipita. Mkokoteni wa maji, mitungi ishirini juu yake, ukaipita.