Shamba la Nyumbani: Mbegu ya Nyanya na Kuota Kwake



Mwezi huu twapenda kusema juu ya mbegu ya nyanya: jinsi ya kuitoa, kuikausha, kuiweka, na kuiotesha. Twajua wako watakaosema, "Neno hili ni dogo, nyanya hujiotea hata jaani." Ni kweli, hujiotea, walakini nyanya ya jaani huota ipendapo yenyewe, si tupendapo sisi. Mtu atakaye mboga ya watoto wake, na fedha kidogo ya daftari na chumvi, hawezi kungojea jaa.

Tena katika nchi yetu mbegu isiyoota ni hasara kubwa kuliko mahali pengi. Juu ya uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ardhi ni ya mchanga, na mvua ikinyesha hunywewa mara moja, ikashuka chini sana, hata ikatokea kuwa chemchemi miguuni pa mlima. Wazee wa Kimakonde husimulia ya kwamba babu zao walionywa wasikae mabondeni penye maradhi, bali wapande juu, ijapokuwa maji yatakuwa mbali. Wakapanda, na tangu siku hizo mama zetu wameshuka na kupanda na mitungi kichwani. Siku hizi mabomba huleta maji juu kutoka bonde la Mitema, na nyumba nyingine zina mashimo ya kukingia mvua. Hata hivyo maji ya mlimani bado ni kitu cha kupimwa. Basi mtu akinyweshea kitalu ndoo moja asubuhi na moja jioni kwa siku 14, amemwaga ndoo 28. Ikiwa mbegu zilikuwa zimekwisha kufa, ndoo zote 28 amezinywesha mchanga.

Nao walio chini, upande wa Masasi, kando ya mto Lukuledi na katika mabonde ya Ruvuma, maji wanayo karibu zaidi, lakini wakati ndio ulio haba. Kitalu hutiwa mbegu mwezi wa Aprili au Mei, mvua zikiisha, ili miche ipate baridi ya Juni na Julai, na matunda yaive kabla jua la Oktoba halijachoma maua. Mtu akingojea mbegu isiyoota majuma matatu, kisha akaanza tena, majuma yale hayarudi.

Sasa angalieni shida yenyewe ilipo. Nyanya za kiangazi huiva Agosti na Septemba, na mbegu yake hupandwa Aprili. Katikati iko miezi ya mvua, tangu Desemba, ambayo hata chumvi hulowana chunguni. Watu husema, "Akiba haiozi." Akiba ya mbegu huoza, tena huoza kimya, maana mbegu iliyokufa na mbegu iliyo hai kwa macho ni moja. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili: kuivusha mbegu salama katika mvua, na kuijaribu kabla ya kuitia ardhini.

Kwanza, ijue mbegu yako. Mbegu iliyonunuliwa dukani yenye alama ya F1, kama Anna F1, ni chotara, mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa. Mwaka wa kwanza huzaa vizuri sana, miche yote ikifanana. Lakini ukitoa mbegu katika matunda yake ukapanda, watoto hutawanyika: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mwenye tunda zuri, huyu mwenye vitunda visivyouzika. Si uchawi wala si hila ya mwenye duka. Ndivyo chotara alivyo. Mwenye kupenda kuweka mbegu yake na achague aina isiyo chotara. Ziko Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1997 kutoka Tengeru, Arusha. Ziko pia Cal J, Rio Grande na Roma. Hizi huzaa wana wafananao na mama yao, kwa kuwa ua la nyanya mara nyingi hujichavua lenyewe. Hata hivyo, ukiwa na aina mbili, zitenge hatua chache, na katikati upande mahindi au kunde.

Pili, chagua mche kabla hujachagua tunda. Wengi hungoja sokoni kuishe, kisha hutoa mbegu katika nyanya zilizobaki, yaani zile ambazo hakuna aliyezitaka. Huko ni kuweka akiba ya ubovu. Pita shambani matunda yakiwa bado mabichi, utazame miche iliyo na afya, yenye kuzaa sana, ambayo majani yake hayana mabaka wala hayakujikunja. Ifunge kitambaa, watoto wasiichume. Ifunge sita au zaidi, wala si mmoja. Mche wenye majani ya marakaraka uache kabisa, maana magonjwa mengine husafiri ndani ya mbegu. Tunda na liive juu ya mche mpaka liwe jekundu na kuanza kulainika, lakini lisioze.

Tatu, uondoe ute. Kila mbegu ya nyanya imevikwa ute, na ute huo huizuia isiote ndani ya tunda lenye maji. Mtu akiikausha pamoja na ute wake, mbegu hushikamana, huota polepole, wala haziwi sawa. Kata tunda, kamua mbegu na maji yake katika kikombe au bakuli la udongo, wala usiongeze maji mengi. Funika kwa kitambaa, weka kivulini, uache ichache. Masasi penye joto siku mbili zatosha. Newala wakati wa baridi huenda zikafika tatu. Koroga asubuhi na jioni. Utaona povu na kusikia harufu mbaya. Usiogope, ndiyo dawa yenyewe, kwani kuchacha huko huula ute na kupunguza vijidudu vya magonjwa. Lakini usipitishe siku, mbegu zisije zikaanza kuota humo bakulini. Kisha mimina maji mengi, koroga, uache kidogo. Mbegu nzima huzama. Zilizo tupu na makapi huelea. Mwaga ya juu, rudia mpaka maji yawe safi.

Nne, kausha. Tandaza mbegu juu ya sahani au kitambaa kilichowambwa, wala si juu ya karatasi, maana zitagandamana nayo. Ziweke kivulini penye upepo, uzigeuze kwa kidole mara nyingi siku ya kwanza. Usizianike juu ya bati wakati wa adhuhuri. Bati la saa sita huua mbegu mbichi. Baada ya siku tano hata saba, chukua mbegu moja uikunje: ikipinda, bado, ikivunjika, imekauka.

Tano, weka. Hapa ndipo nyumba nyingi hupoteza kazi yote. Mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya jiko, na moshi huyafaa kwa kuwafukuza wadudu. Lakini mbegu ndogo ya nyanya haipendi joto la jiko, wala mvuke wa chungu. Wataalamu wa mbegu wana kanuni: unyevu uliomo ndani ya mbegu ukipungua sehemu moja katika mia, maisha ya mbegu huongezeka mara mbili, na joto la mahali ilipowekwa likipungua digrii 5, huongezeka mara mbili tena. Yaani ukavu kwanza, na ubaridi pamoja nao. Basi fanya hivi: kaanga mchele mkavu mpaka uwe kama dhahabu, uupoze ndani ya chombo kilichofunikwa, uutie robo ya chupa ndogo yenye kifuniko cha kukaza. Mbegu zifunge katika kitambaa chepesi, uziweke juu ya mchele, ukaze kifuniko. Mchele ule hunywa unyevu uliobaki. Asiye na mchele wa kukaanga na atumie jivu kavu la kuni lililochungwa. Andika jina la aina, mwezi na mwaka. Chupa iwekwe pembeni mwa chumba chenye giza na ubaridi, chini karibu na sakafu, mbali na bati na jiko. Usiifungue mvua ikinyesha. Mbegu iliyowekwa hivyo yaweza kuishi miaka minne na zaidi.

Sita, ijaribu. Twawaomba mshike neno hili hata kama mtasahau mengine. Mwezi wa Machi, kabla ya kulima kitalu, hesabu mbegu 20. Zipange juu ya kitambaa kilicholowa, ukikunje, ukitie katika sahani iliyofunikwa, uweke ndani ya nyumba. Kitambaa kisikauke wala kisielee maji. Baada ya siku kumi hesabu zilizotoa kimzizi, ukizidishe mara 5. Utapata hesabu ya zitakazoota katika kila 100. Zikiota 16 au zaidi, yaani 80 katika 100, panda kwa moyo mkunjufu. Zikiota 10, tia mbegu mara mbili. Zikiota 5 tu, zitupe, ununue nyingine, na Machi ungali una wakati wa kununua. Kikombe kimoja cha maji kimekuokoa ndoo 28.

Saba, kitalu. Usikifanye mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili, tumbaku wala viazi mviringo, kwa kuwa zote ni ndugu na huachiana magonjwa. Changanya udongo na samadi iliyooza sana. Chora mistari iliyoachana upana wa kiganja, tia mbegu kina cha sentimita moja, wala si zaidi. Mbegu ndogo haina nguvu ya kupanda kutoka mbali. Funika kwa nyasi kavu, nyweshea kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Mbegu ya nyanya hupenda joto la digrii 20 hata 30. Joto likizidi 35 hukataa kuota, na ndiyo sababu vitalu vya Oktoba vya Masasi hushindwa vikikosa kivuli. Siku ya tano hata ya kumi utaona migongo ya miche ikiinuka. Jioni ile ile ondoa nyasi, uweke kivuli cha juu juu. Ukichelewa, miche itarefuka kama uzi na kuanguka. Punguza iliyosongana. Juma la mwisho punguza na maji, ili izoee shida. Ikiwa na majani manne hata sita, baada ya majuma manne au matano, uiatike jioni.

Walimu wenzetu, kazi hii yafaa sana darasani. Watoto wajaribu vitambaa viwili, kimoja cha mbegu zilizochachishwa na kimoja cha mbegu zilizokaushwa na ute wake, wahesabu kila siku na kuandika. Watajifunza sehemu za mia kwa macho yao. Penye kipimajoto, mwalimu mwenyewe aweza kutia mbegu zilizofungwa kitambaani katika maji ya digrii 50 kwa dakika 25, kisha katika maji baridi, na kuzikausha. Maji hayo huua magonjwa yaliyojificha. Pasipo kipimajoto asijaribu, maana digrii chache juu ya hapo huua mbegu pia.

Neno la mwisho. Mbegu ya kupanda nyumbani ni yako. Kuuza mbegu katika pakiti ni jambo jingine, lenye sheria yake ya mwaka 2003 na wakaguzi wake wa TOSCI. Atakaye biashara hiyo na aanze kwa bwana shamba.

Basi, baba na mama, nyanya moja kubwa yaweza kuwa na mbegu 100 na zaidi. Matunda kumi yaliyochaguliwa vema yatosha nyumba yenu, na chupa moja ndogo yatosha kuyahifadhi. Itafuteni chupa hiyo sasa, kabla mvua hazijaanza.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya kunde na wadudu waziharibuo ghalani.