Barua ya wazi kwa Rais wa FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani: Safari Rally si ya viwanda vya magari peke yake

Mheshimiwa Mohammed Ben Sulayem,

Salamu kutoka Misigiri, njia panda ya Kiomboi, ambapo malori ya Rwanda na Kongo hupita kabla ya kuteremka mlima Sekenke. Safari Rally ya Kenya inapofika, tunakusanyika chini ya mwarobaini wa fundi wetu, watu kumi kwenye simu moja. Fundi mikono imejaa grisi, shokapu ya Probox iko mapajani, na hataki mtu amzibe. Gari likiruka kule Naivasha yeye hutazama matairi yanavyotua, kisha huirudia shokapu yake.

Nakuandikia kwa sababu nawe ulikuwa dereva, bingwa wa Mashariki ya Kati mara 14. Unalijua vumbi.

Mashindano haya yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Mwananchi aliyesimama kando ya barabara aliliona gari analolifahamu, lile lile lililombeba yeye na magunia yake.

Leo daraja la juu la mashindano limebaki la wachache. Mwaka 2022, na tena 2023, Toyota ilichukua nafasi zote nne za kwanza Naivasha. Siwalaumu; kazi wanaijua, na bila fedha za viwanda hakuna mashindano ya dunia ya rally, WRC. Ila viwanda huja na kuondoka. Volkswagen iliondoka mwisho wa 2016 ikiwa na mataji manne mfululizo, Citroën ikafuata 2019. Shabiki hakuulizwa, na hakuondoka. Iweje basi anayeweza kufunga virago wakati wowote ndiye asikilizwe kwanza?

Kanuni zenu za 2027 zimenipa moyo: gari lisizidi euro 345,000, na watengenezaji wadogo wasio na kiwanda kikubwa waruhusiwe kuunda lao. Naomba kikomo hicho kisilegezwe viwanda vitakapoanza kunung'unika, maana vitanung'unika.

Naomba pia mashabiki wawe na viti vyenye kura katika Tume ya WRC, wapatikane kupitia vyama vya magari vya nchi zenye mashindano. Wasialikwe kupiga picha tu.

Na Safari yenyewe msiikate zaidi. Zamani ilikuwa maelfu ya kilomita. Sasa zinazoshindaniwa hazifiki 400. Gharama za timu zisiwe sababu ya kuipunguza tena. Mkikaa kupanga njia yake, ifikirieni na Tanzania. Barabara za vumbi tunazo, na watu wa kusimama kando yake tupo.

Wako,
Shabiki wa Misigiri, Iramba, Singida