Binti Anajiandaa Kuwa Daktari: Je, Muhula wa Ng'ambo Utamkwamisha?

Mwezi huu najibu swali la mama mwenzetu ambaye binti yake yuko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja huko Marekani. Binti ana nia ya kuwa daktari. Sasa ameomba ruhusa nyumbani aende kusoma Hispania kwa muhula mmoja. Baba yake amekataa kabisa. "Mshika mbili moja humponyoka," amesema. Mama yuko katikati, hajui amshike nani mkono.

Kwanza tuelewe utaratibu wa kule. Hapa kwetu kijana akifaulu vizuri kidato cha sita anaweza kuingia moja kwa moja Muhimbili, akasoma udaktari miaka 5, kisha akafanya mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Marekani sivyo. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya kawaida kwa miaka 4. Anaweza kuchagua hata historia au muziki, mradi apitie pia masomo ya sayansi yanayotakiwa. Kwa kawaida ni mwaka mmoja mmoja wa biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na kazi za maabara. Shule nyingi hutaka na biokemia. Halafu hufanya mtihani uitwao MCAT, ambao huchukua karibu siku nzima. Akichaguliwa, ndipo huanza miaka mingine 4 ya udaktari wenyewe. Basi binti huyu bado anaandaa shamba.

Je, muhula wa Hispania utaliharibu shamba? Hapana, akiupanga mapema. Ayaangalie mambo haya manne.

La kwanza ni masomo ya sayansi. Kemia ni ngazi. Huwezi kuruka kipandio. Tena masomo mengi huanza mwezi wa Agosti au Septemba na kuendelea mihula miwili. Ukikosa nusu ya kwanza, huenda ukasubiri mwaka mzima. Isitoshe, shule nyingi za udaktari hupendelea masomo hayo yawe yamesomwa katika chuo cha Marekani. Kwa hiyo kemia na fizikia ziachwe huko huko chuoni kwake. Hispania aende na lugha, historia au masomo mengine ya shahada. Muhula ukishindikana, vyuo vingi vina safari fupi wakati wa likizo ndefu, baada ya mwezi wa Mei.

La pili ni kalenda. Maombi ya shule za udaktari hutumwa kuanzia katikati ya mwaka, mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Anayetaka kuunganisha bila kupumzika huomba mwishoni mwa mwaka wa tatu. Miezi ya kabla ya hapo ni ya kujisomea MCAT na kuomba barua za walimu, wala si ya kusafiri. Asiyetaka haraka anaweza kufanya kazi mwaka mmoja baada ya shahada, na siku hizi wengi hufanya hivyo.

La tatu ni visa na fedha. Kabla ya kulipa chochote, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, aulize visa yake itakuwaje akitoka nje, na kama msaada wake wa ada utamfuata. Ajibiwe kwa maandishi. Hapa wazazi nao wajue jambo zito kuliko Hispania: shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei wasio raia au wakazi wa kudumu, na baadhi ya zinazopokea hudai uthibitisho wa fedha za miaka yote. Jambo hilo lizungumzwe nyumbani sasa, lisingoje mwaka wa nne.

La nne nalisema kama muuguzi. Wapo vijana wanaokwenda nchi za mbali, za kwetu zikiwemo, wakitamani kushona vidonda au kuzalisha kwa sababu kwao hawaruhusiwi. Mama, mkanye binti yako. Asiloruhusiwa kulifanya Marekani asilifanye mahali pengine popote. Kutazama na kusikiliza kunatosha. Mgonjwa maskini naye ni mtu, si kitambaa cha kujifunzia kushona.

Faida nayo ipo. Marekani kuna mamilioni ya watu wanaozungumza Kihispania nyumbani. Sisi tulio wodini tunajua: mgonjwa akieleza kwa lugha yake, hutaja kile kinachomuuma hasa. Daktari anayemwelewa bila mkalimani hupunguza makosa.

Ushauri wangu ni huu. Mwambie binti aandike mihula yake yote 8 kwenye karatasi moja, na chini ya kila muhula aorodheshe masomo ya sayansi. Kisha aonyeshe Hispania inaingia wapi. Ikiingia bila kusogeza somo hata moja, mpelekee baba karatasi hiyo akiwa ametulia, baada ya chakula. Ataona kwamba mtoto hajashika mawili kwa mara moja; anashika moja, analiweka mahali pake, ndipo anashika jingine. Na isipoingia, binti atakuwa ameliona mwenyewe, bila ya ugomvi.

Hadi mwezi ujao, kwaherini.